Utunzaji wa uumbaji

Istilahi nne zinagombea nafasi moja katika Kiswahili cha makanisa: utunzaji wa mazingira, uhifadhi, uwakili na utunzaji wa uumbaji. Katika matangazo ya Jumapili hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Naamini hazilingani. Ya nne ndiyo inayostahili kushikwa, kwa sababu ndani yake imo kazi ambayo zile nyingine haziidai.

Mazingira limezaliwa na kuzingira. Ni yale yanayotuzunguka, nasi tumesimama katikati. Kwa ofisa wa halmashauri neno hilo linatosha kabisa. Kwa msomaji wa Mwanzo halitoshi, maana humo mtu ameumbwa siku moja na wanyama wa nchi kavu, naye ni kiumbe miongoni mwa viumbe. Tena mazingira huweza kuzungumzwa kutwa nzima Mungu asitajwe; penye uumbaji yupo aliyeumba. Wapo wanaopinga kisarufi: uumbaji ni kitendo, kama ulivyo ufugaji, na kitendo hakitunzwi, kinachotunzwa ni viumbe. Ni hoja ya haki. Lakini viumbe, kwa masikio ya wengi, ni watu na wanyama. Udongo, chemchemi na mvua hubaki nje. Katika vinywa vya waumini uumbaji umekwisha kubeba kitendo pamoja na matunda yake, na sioni sababu ya kuwapokonya.

Uhifadhi nitaupita upesi. Kwa mkulima anayeishi kando ya mbuga, hifadhi ni mahali asipotakiwa kukanyaga. Kanisa haliwezi kumwita mtu kazini kwa neno linalomwambia akae nje.

Uwakili ndio mzee wao. Wakili wa Luka 16 ni msimamizi wa mali ya tajiri, na anadaiwa hesabu. Mafundisho yake ni mazuri: ardhi si yangu, nimekabidhiwa. Ila katika sharika nyingi za Kilutheri uwakili umekuwa jina la utoaji, yaani bahasha, ahadi na mnada wa mavuno baada ya ibada. Nje ya kanisa, wakili ni yule wa mahakamani. Kulirudisha neno hili shambani kutahitaji mafundisho ya miaka.

Basi kutunza. Kiswahili hutunza mtoto, mgonjwa, mzee, ng'ombe mwenye mimba. Hakuna anayemtunza mgonjwa kwa siku moja ya maadhimisho. Katika taarabu kutunza kuna maana ya pili: kumwendea mwimbaji na kumpa fedha kwa kumheshimu. Kazi ya kila siku na heshima, vyote katika kitenzi kimoja. Wakatoliki nao wamekichagua: waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', hutajwa kwa Kiswahili kuwa unahusu utunzaji wa nyumba ya wote.

Chanzo cha istilahi ni Mwanzo 2:15, ambapo Adamu anapewa bustani ailime na kuitunza. Kwa Kiebrania vitenzi ni avad na shamar. Avad ni kufanya kazi na pia kutumikia, nacho ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa ibada na kuabudu. Shamar ni kulinda, na ndicho kitenzi kilichomo katika Baraka ya Haruni ambayo wachungaji hufungia ibada. Katika Hesabu 3, viwili hivi vinarudi pamoja kueleza huduma ya Walawi katika hema. Mwenye kupalilia bustani anatajwa kwa maneno ya Mlawi! Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White aliushutumu Ukristo wa Magharibi kwa kumfanya mtu kuwa bwana wa kuitumia dunia apendavyo. Kanisa lililosoma amri ya kutawala katika sura ya kwanza likaishia hapo lilistahili shutuma hiyo. Sura ya pili inaonyesha kutawala huko kunafanywaje: kwa kutumikia na kulinda.

Ndiyo maana upandaji miti peke yake haunitoshelezi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Askofu Fredrick Shoo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) amejulikana kwa miti hata akaitwa Askofu wa Miti, naye ana sababu: kati ya 1912 na 2011 mlima ule ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Lakini mche uliopandwa mbele ya wageni ukaachwa bila maji wala uzio, umepandwa tu; haujatunzwa. Dodoma wanayo njia nyingine, inayoanzia kwenye mti uliokwisha kukatwa. Mizizi ingali hai chini. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, kisha huyakinga yaliyobaki dhidi ya mifugo. Mmishonari wa Australia, Tony Rinaudo, aliigundua thamani yake huko Maradi, Niger, mwaka 1983, baada ya miche mingi kumfia. Nchini humo njia hiyo imerudisha miti katika takriban hekta milioni 5. Dodoma wameiita kisiki hai. Mfasiri wa ofisini angetupa "uotaji upya wa asili unaosimamiwa na mkulima". Wao wametoa maneno mawili, na mtoto wa kipaimara anayaelewa.

Kulinda kuna upande mwingine pia. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa ya dunia, kwa hiyo haifai kumhubiria mama anayepikia kuni kana kwamba yeye ndiye aliyeyeyusha barafu. Jiko banifu anastahili kupata, kwa sababu ya mapafu yake na mgongo wake. Mzigo wa toba uko kwingine, na mwaka 2023 Kanisa la Uingereza lilianza kuubeba lilipotangaza kuondoa mitaji yake katika kampuni kubwa za mafuta na gesi.

Lipo jambo la kalenda. Kipindi cha uumbaji huadhimishwa na makanisa mengi kuanzia 1 Septemba, siku iliyowekwa na Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli mwaka 1989, hadi 4 Oktoba. Kwa Dodoma hicho ni kiangazi, na mvua hungojwa hadi Novemba au Desemba. Kupanda miche wakati huo ni kuipeleka ikafe. Ushirika wenye kutaka kuadhimisha unaweza kupogoa visiki katika shamba la kanisa, kurekebisha mifereji ya bati ili maji ya paa yaingie tangini, na kuhesabu miche ya mwaka uliopita: mingapi ingali hai, na nani anaimwagilia.