Njia ya Waenda kwa Miguu: Historia Fupi ya Strøget ya Copenhagen

1. Utangulizi

Msafiri mwenye mfuko mwepesi anapofika katika mji wa Ulaya hujiuliza mambo mawili: atalala wapi usiku, na atakaa wapi mchana kutwa bila ya kudaiwa pesa. Swali la kwanza hujibiwa na vitabu vya wasafiri. La pili halijibiwi, ingawa ndilo linaloonyesha mji umejengwa kwa ajili ya nani. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo la pili kwa kufuata historia ya njia moja, Strøget ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ambayo mwandishi aliitembea siku nne akiwa na tikiti ya kurudi, mkate na fedha kidogo.

2. Jina

Anayeitafuta Strøget kwenye vibao vya njia hataiona. Vibao vinasema Frederiksberggade, Nygade, Vimmelskaftet, Amagertorv na Østergade. Hivi ni vipande vilivyoungana kwa urefu wa kilometa 1.1 hivi, kutoka uwanja wa ofisi kuu ya mji, Rådhuspladsen, hadi Kongens Nytorv, yaani uwanja mpya wa mfalme. Katika Kidenmark neno strøg hutaja mahali panapopitwa sana na watu, na mwishilio -et hubainisha kwamba ni pale panapojulikana. Hivyo wakuu wa mji waliviita vipande kwa majina yao, lakini wananchi waliipa njia nzima jina la kile wanachokifanya humo.

3. Mwaka 1962

Njia hii ni nyembamba, nayo ilikuwa imejaa magari. Hapo awali ilizoeleka kufungwa kwa magari siku chache tu za Noeli. Tarehe 17 Novemba 1962 ilifungwa kwa majaribio, na aliyeongoza jambo hilo alikuwa mmoja wa mameya wa mji, Alfred Wassard. Mabishano yalikuwa makali. Wenye maduka walihofia kwamba mteja asiyeweza kufika na gari lake hatafika kabisa. Wengine walidai kwamba Wadenmark si Waitalia, na kwamba katika nchi ya baridi hakuna atakayesimama nje kuzungumza. Hata hivyo watu walifika kwa wingi, na mwaka 1964 uamuzi ukawa wa kudumu. Eneo la waenda kwa miguu katikati ya mji, lililokuwa mita za mraba 15,800 mwaka 1962, lilipita mita 95,000 kufikia mwaka 1996.

4. Wasionunua

Kuanzia miaka ya 1960 msanifu majengo Jan Gehl, aliyezaliwa mwaka 1936, aliichunguza njia hii kwa namna iliyokuwa ngeni. Hakuhesabu mauzo, alihesabu watu: nani anapita, nani anasimama, nani ameketi, na wapi. Mwaka 1971 alitoa kitabu Livet mellem husene, yaani Maisha baina ya nyumba. Funzo lake kuu ni kwamba mtu huvutwa na watu. Mpiga muziki, mzee anayepumzika, kijana anayemngoja mwenzake, wote hawaongezi chochote katika sanduku la mwenye duka. Lakini bila wao njia hupoa, na mnunuzi naye haji.

Mwandishi aliliona jambo hilo pale Amagertorv, kwenye chemchemi ya korongo iliyojengwa mwaka 1894. Hatua chache kutoka hapo kuna viti vya mikahawa, ambavyo havikaliwi bila ya kuagiza kitu, na kikombe kimoja cha kahawa kilitosha kumaliza fedha yangu ya chakula cha siku. Kwenye ukingo wa chemchemi nilikula mkate wangu, na hakuna aliyeniuliza ninangoja nini.

5. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Lakini ilinichukua siku mbili kuketi. Siku hizo nilitembea upesi, mkoba kwapani, kama mtu aliyetumwa. Natoka Lubumbashi, iliyokuwa Elisabethville. Huko, wakati wa ukoloni, ukanda mtupu uliutenga mji wa Wazungu na makao ya Waafrika, na Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana mjini usiku pasipo karatasi. Wazee wetu walijifunza kwamba barabarani ni lazima uwe na safari, nasi tumerithi mwendo wao. Lugha nayo inashuhudia: yule tunayemheshimu anatembea, tusiyemwamini anazurura. Miguu ni ileile na njia ni ileile. Kinachobadilika ni macho ya anayetazama.

6. Hitimisho

Strøget si pepo. Maduka yake mengi yana majina yaleyale yanayoonekana katika kila mji mkubwa wa Ulaya, na vioo vyake havikupambwa kwa ajili ya maskini. Walakini mawe ya chini hayatozi kodi. Wenye maduka waliogopa kumpoteza mteja mwenye gari. Waliompata ni umati, na ndani yake wamo wasionunua kitu. Hapana budi basi, tunapoandika historia ya miji, yetu na ya wengine, tusiulize tu ni nani aliyejenga na ni nani aliyeuza. Tuulize pia ni wapi asiye na kitu aliweza kuketi.