Maoni ya wateja katika biashara ndogo

Maoni ya wateja, au mrejesho wa wateja, ni pongezi, malalamiko, ushauri au alama anazotoa mteja baada ya kununua bidhaa au kuhudumiwa. Kwa mwenye biashara ndogo asiye na fedha za kuajiri watafiti wa soko, maoni hayo ni ukaguzi wa bure, kwani yeye hukaa upande wa ndani wa kaunta na mengi ya upande wa pili hayaoni. Alama za nyota huvuta wateja wapya. Maneno ndiyo yanayoonyesha pa kurekebisha.

Historia

Jumba la makumbusho la British Museum, London, limehifadhi bamba la udongo kutoka mji wa Ur, katika Iraki ya leo, lililoandikwa takriban mwaka 1750 KK. Mnunuzi aitwaye Nanni anamlaumu mfanyabiashara Ea-nasir kwa mambo mawili: shaba hafifu, na dharau aliyoonyeshwa mjumbe wake. Bidhaa na lugha ya muuzaji bado ndiyo mafungu makuu ya malalamiko.

Katika zama za intaneti, Amazon ilianza kupokea maoni ya wasomaji wa vitabu mwaka 1995. Tovuti ya maoni ya TripAdvisor ilianzishwa mwaka 2000 na ile ya Yelp mwaka 2004. Afrika Mashariki ilizoea kisanduku cha maoni, kitabu cha wageni na sifa za mdomo. Methali "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" ni ya soko la namna hiyo. Siku hizi sifa na lawama husambaa pia kwa WhatsApp, Instagram na Google Maps.

Athari kwa mapato

Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard Business School alichunguza migahawa ya Seattle, Marekani. Aligundua kuwa ongezeko la nyota moja kwenye Yelp liliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Faida hiyo waliipata wenye migahawa ya kujitegemea, si ile yenye matawi mengi. Chini ya bango maarufu mgeni anajua atakachokuta. Mgahawa mdogo hutambulishwa na waliokwisha kula hapo.

Uchambuzi

Lalamiko moja laweza kuwa ajali ya siku. Likirudiwa na wateja watano, ni dalili. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, aliyekuwa zamu, na maneno ya mteja kama alivyoyasema.

Chukua mfano wa mama lishe anayeambiwa mara kwa mara, "Chakula kitamu, ila mnachelewesha." Haraka haraka angemlaumu mpishi au kununua jiko la pili. Lakini daftari linaonyesha kuwa malalamiko yote ni ya kati ya saa saba na saa nane mchana, wakati wali na maharage vimeiva tangu saa sita. Kinachokwamisha foleni ni msichana mmoja anayepakua, anayepokea pesa, na anayesubiri ujumbe wa malipo ya simu uingie ndipo amhudumie anayefuata. Dawa ni kumkabidhi mtu mwingine malipo. Malalamiko yakikoma katika wiki zinazofuata, dawa imefanya kazi. Yasipokoma, chanzo kitafutwe kwingine.

Kujibu

Davide Proserpio na Georgios Zervas, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walionyesha kuwa hoteli zilizoanza kujibu maoni kwenye TripAdvisor zilipata maoni mengi zaidi kwa asilimia 12, na wastani wao ukapanda kwa nyota 0.12. Jibu zuri ni fupi, hutaja kasoro yenyewe na kilichofanyika: "Pole sana dada. Tangu Jumatatu malipo yanapokelewa mlangoni." Jibu halianiki namba ya simu wala deni la mteja.

Mipaka na udanganyifu

Wanaoandika maoni mara nyingi ni waliofurahi mno au waliokasirika. Wengine huondoka kimya. Akiulizwa ana kwa ana "Chakula vipi?", mteja mwenye adabu hujibu "Kizuri tu". Swali lenye mavuno zaidi ni, "Tungebadilisha kitu gani kimoja?"

Sifa pia hughushiwa. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alisajili kibanda cha bustanini huko Dulwich, London, kuwa mgahawa. Kwa maoni ya uongo kikashika nafasi ya kwanza jijini humo kwenye TripAdvisor, bila kuwahi kuuza chakula. Marekani ilianza kutumia kanuni ya kupiga marufuku ununuzi na uuzaji wa maoni ya uongo Oktoba 2024. Mbali na sheria, mwenye biashara anayenunua sifa hujikosesha ukaguzi wake: daftari hujaa maneno aliyoyalipia mwenyewe, na foleni ya saa saba inabaki palepale.