Ndani ya telefone yako: namna Linux ilitoka kwenye njia tatu ikabaki na moja

Kobalti ya Katanga inaingia katika batiri za telefone duniani kote. Kule Shinkolobwe, karibu na Likasi, kazi ya kushuka chini ya udongo inajulikana tangu zamani. Iranyumu ya pale ilitumiwa katika mradi wa Marekani wa bomu la atomiki. Baadaye wachimbaji wadogo walifuata kobalti. Serikali ilifunga mgodi mwanzoni mwa 2004, lakini watu waliendelea kuchimba, na mwezi wa saba mwaka ule galeri iliporomoka, watu 8 wakafa.

Mahali kuna njia nyingi chini bila ramani moja, hatari inaongezeka. Shida inayofanana na hiyo, lakini bila udongo, ilikuwa pia ndani ya programu yenye kuendesha telefone.

Kerneli inafanya nini?

Telefone za Android zinatumia Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Sehemu yake ya katikati inaitwa kerneli, noyau kwa Kifaransa. Hiyo njo inagawa memori, sawa vile chifu anagawa mashamba. Aplikasyo moja inaweza kuwa na mamia, hata maelfu, ya vipande vya memori. Kila mara aplikasyo inagusa memori mpya, kerneli inauliza: kipande hiki ni cha nani?

Ili kupata jibu haraka, vipande vinapangwa kama mti. Unaanza kwenye shina, kila njia panda unachagua tawi. Kwa miaka mingi Linux ilitumia mti wenye matawi mawili kila njia panda. Kwa vipande 1.000, hiyo ni karibu hatua 10.

Tatizo la njia tatu

Mti ule ulikuwa mzuri kwa kutafuta kipande kimoja, lakini kupita kwa vyote kimoja kimoja ilikuwa shida: unashuka tawi, unapanda tena, unashuka lingine. Njo maana waliweka pembeni mlolongo, kila kipande kikionyesha kile kinachofuata. Kisha wakaongeza akiba ndogo ya kukumbuka vipande vilivyotafutwa karibuni. Sasa vitu vitatu vilikuwa vinasema habari moja. Ukibadilisha kimoja, lazima ubadilishe vyote. Ukisahau, vinaanza kubishana, na telefone inaweza kuzimika.

Desemba 2022, Linux 6.1 ilileta mti mpya, uliotengenezwa na Liam Howlett na Matthew Wilcox wa kampuni ya Oracle. Kila njia panda ina matawi 10 au zaidi, kwa hiyo vipande 1.000 vinafikiwa kwa hatua 3 hivi. Na mti wenyewe unajua kipande kinachofuata ni kipi. Mlolongo uliondolewa, akiba ikaondolewa. Sehemu nyingi za kodi zilizokuwa zinafuata mlolongo ziliandikwa upya, zikabaki na amri moja fupi: pita kwa kila kipande.

Faida ingine: wasomaji wanaweza kutembea ndani ya mti bila kupanga foleni. Linux 6.4, ya mwaka 2023, ilitumia nafasi hiyo ili sehemu za aplikasyo moja zisingojane sana wakati inafunguka.

Urahisi nao una bei

Mwaka 2023 mtafiti Ruihan Li alionyesha kasoro, ikaitwa StackRot. Katika mti wa zamani, kupanua kipande fulani kulikuwa kubadilisha namba tu, mahali pale pale. Katika mti mpya, kazi hiyo hiyo inaweza kuondoa njia panda nzima na kuweka ingine. Kodi iliendelea kutumia ufungo hafifu wa zamani. Msomaji aliweza kubaki ndani ya galeri yenye ilikwisha kubomolewa, na mtu mbaya angeweza kupitia pale kuchukua mamlaka ya mashine. Toleo 6.1 hadi 6.4 yaliguswa, na marekebisho yalitoka mwaka ule ule.

Somo ni hili: kupunguza kodi ni vizuri, lakini kila desturi ya zamani inapaswa kuulizwa tena kama bado inafaa.

Wewe ufanye nini?

Wengi wetu tunaweka feza ndani ya telefone, na habari za usalama zinatufikia humo. Fungua « Paramètres », kisha « À propos du téléphone ». Tafuta « Version du noyau » na tarehe ya marekebisho ya usalama. Namba kubwa ya kerneli peke yake haitoshi, StackRot iligusa matoleo mapya, si ya zamani. Tarehe njo ya maana zaidi. Kama telefone inapendekeza « mise à jour », tafuta koneksyo nzuri, weka batiri kwenye umeme, ukubali. Na kama unanunua telefone ya mkono wa pili, angalia tarehe hiyo mbele ya kutoa feza.