Rovu, chumvi na kinga iliyomgeukia mwenyewe

Waliokulia Molo, Subukia, Bahati au Kinangop katika miaka ya mwanzo ya uhuru wanazikumbuka shingo zilizovimba. Rovu lilizoeleka mno nyanda za juu hata familia nyingi hazikuliita ugonjwa. Nyanya alikuwa nalo, shangazi analo, na binti akivunja ungo nalo likaanza kuchomoza. Kati ya 1964 na 1968 serikali changa ya Kenya, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, FAO na UNICEF, ilichunguza lishe ya wananchi, na rovu likawa miongoni mwa matatizo yaliyoandikwa. Mwaka 1970 madaktari Hanegraaf na McGill wakachapisha katika East African Medical Journal makala kuhusu mtawanyiko wa rovu Afrika Mashariki.

Chanzo kilikuwa udongoni. Tezi ya thairoidi, iliyolala shingoni chini kidogo ya koromeo, hutengeneza homoni zake kwa iodini, na ghala kuu la iodini duniani ni bahari. Milimani, mvua ya miaka maelfu huiosha ardhi na kuishusha iodini mtoni. Mahindi, viazi na maziwa ya mahali kama hapo huwa na iodini haba, na tezi ikikosa malighafi hutanuka ikijitahidi kunasa kile kidogo kinachopita katika damu. Kabichi, zao kubwa la Kinangop na Molo, ina kemikali zinazoizuia tezi kidogo katika kazi hiyo. Kwa anayekula vizuri hilo halina madhara, lakini kwa aliyepungukiwa iodini tayari ni mzigo juu ya mzigo.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na tangu hapo chumvi ya pwani iliweza kupanda bara kwa gari moshi. Wengi hudhani kwamba chumvi ya bahari inaleta iodini yenyewe. Sivyo. Ikishakaushwa juani hubaki na iodini kidogo mno, kwa hiyo ni lazima iongezwe kiwandani. Uswisi ilianza kufanya hivyo mwaka 1922 na jimbo la Michigan, Marekani, likafuata mwaka 1924, baada ya David Marine kuwapa iodini wasichana wa shule mjini Akron na kuonyesha kwamba rovu linazuilika. Kenya ilisubiri zaidi ya nusu karne. Mwaka 1978 kanuni zilitolewa kuamuru chumvi ya kula itiwe iodini, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kiwango kikapandishwa hadi miligramu 168.5 za iodeti ya potasiamu kwa kila kilo. Uchunguzi wa kitaifa wa 1994 ulikuta rovu kwa takriban asilimia 16 ya waliopimwa, na tangu hapo limezidi kupungua. Wauguzi wenye umri mdogo Nakuru leo huenda wakafanya kazi miaka mingi bila kukutana na rovu kubwa la zamani, lile lililoning'inia hadi kifuani. Kwangu mimi huo ni mmoja wa ushindi mkubwa wa afya ya umma nchini, na hausherehekewi inavyostahili.

Hata hivyo tezi haikuacha kuugua. Ugonjwa ulibadilika sura, na sura hii mpya ndiyo inayotutatiza leo. Kuna mwanamke anayekonda huku akila vizuri, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka na macho yametokeza. Kuna mwingine anayenenepa bila kula sana, anayeona baridi adhuhuri, ngozi imekauka na uchovu haumwachi. Mmoja tezi yake inatoa homoni kupita kiasi, mwingine imezimika. Wote wawili wanaweza kuwa na tatizo la aina moja: mfumo wa kinga umeigeukia tezi ya mwili wake wenyewe.

Magonjwa hayo yalielezwa zamani, kabla sababu yake kujulikana. Robert Graves wa Dublin aliandika mwaka 1835 kuhusu tezi kubwa na moyo unaodunda, na Karl von Basedow wa Ujerumani akaongeza habari za macho mwaka 1840. Mwaka 1912 daktari kijana wa upasuaji huko Fukuoka, Hakaru Hashimoto, aliandika kuhusu wanawake 4 ambao tezi zao, zilipotazamwa kwa darubini, zilijaa chembe nyeupe za damu. Hakuna aliyejua chembe hizo zilitafuta nini humo. Mwanasayansi Paul Ehrlich alikuwa amefundisha kwamba mwili hujihadhari usijidhuru, na wengi wakalichukua neno lake kuwa mwisho wa mjadala.

Mwaka 1956 ndio uliolivunja fundisho hilo. London, katika Hospitali ya Middlesex, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walikuta katika damu ya wagonjwa wa Hashimoto kingamwili zinazoilenga thairoidi. Buffalo, Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky waliwadunga sungura dondoo la thairoidi, na tezi za sungura hao zikashambuliwa na kinga yao wenyewe. New Zealand nako, Adams na Purves waligundua katika damu ya wagonjwa wa Graves kitu kinachoichochea tezi kwa muda mrefu, ambacho baadaye kilithibitika kuwa kingamwili. Katika mwaka mmoja, pembe tatu za dunia zilionyesha jambo moja.

Sisi Waafrika tuliambiwa kwamba hayo hayatuhusu sana. Vitabu vya tiba vya miaka ya 1960 vilisema magonjwa ya kinga kujishambulia ni nadra kwetu. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyefanya kazi Nigeria, alipendekeza katika Lancet kwamba huenda vimelea, hasa malaria, vinaituliza kinga. Wazo hilo lina uzito hadi leo. Lakini Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na malaria huko haikuwahi kutawala kama ilivyotawala Kisumu au Kilifi. Naamini sehemu ya unadra huo ilitokana na uhaba wa maabara. Bila kipimo cha homoni na cha kingamwili, mgonjwa wa Graves aliitwa mgonjwa wa moyo, na wa Hashimoto akaambiwa umri umempata.

Kisha chumvi yenyewe ikaingia katika hadithi kwa mlango wa pili. Iodini inapoongezeka ghafla kwa watu walioikosa miaka mingi, baadhi ya tezi zilizozoea kujitutumua hupitiliza. Katikati ya miaka ya 1990 madaktari waliripoti ongezeko la thairoidi kufanya kazi kupita kiasi nchini Zimbabwe na Kivu, mashariki mwa Kongo. Shirika la Afya Duniani na wenzake wakachunguza nchi 7 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mwaka 2006 uchunguzi kutoka China ulionyesha kwamba maeneo yenye iodini nyingi kupita kiasi yalikuwa na wagonjwa wengi zaidi ambao kinga inaishambulia tezi. Kenya baadaye ilishusha kiwango chake cha iodini kwenye chumvi, na ilifanya vyema. Asije mtu akasoma haya akaacha chumvi yenye iodini, kwa maana ukosefu wa iodini kwa mama mjamzito hudumaza ubongo wa mtoto tumboni, na hasara hiyo haifidiki.

Lakini iodini haielezi kila kitu. Kwa nini kinga ya mtu huyu iasi na ya jirani itulie? Jibu lililokuja polepole lilikuwa kinyume cha matarajio: kinga inayojishambulia mara nyingi ni kinga iliyopungukiwa.

Mwaka 1973 huko Edinburgh, Penhale na wenzake waliwaondolea panya wachanga tezi ya thaimasi, ile iliyo nyuma ya mfupa wa kifua na ambayo hufundisha chembe za T kazi yake, kisha wakawapiga mionzi ili kupunguza chembe zilizobaki. Ungetarajia panya hao wawe dhaifu tu. Wengi wao walipata ugonjwa wa thairoidi uliofanana na wa Hashimoto. Upungufu ulikuwa umezaa uasi. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambua chembe za T ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine, na kwa kazi hiyo yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2025. Ni kama katika jamii za wafugaji wa Bonde la Ufa: morani ana mkuki na nguvu, lakini wapo wazee wanaoamua lini mkuki uinuliwe. Maafa yakiwapata wazee kwanza, au rika jipya likiibuka kwa haraka kabla ya wazee wapya kupatikana, mikuki inaweza kuinuliwa ndani ya boma.

Ndivyo inavyoonekana pia kwa watu waliozaliwa na kasoro ya kinga, kwa mfano wasioweza kutengeneza kingamwili za kutosha. Hupata nimonia na maambukizi ya masikio mara kwa mara, na wakati huohuo wana uwezekano mkubwa kuliko watu wengine wa kupata magonjwa ya kinga kujishambulia, thairoidi ikiwemo. Madaktari wa Cambridge nao waliripoti mwaka 1999 kwamba kati ya wagonjwa wa neva waliopewa dawa ya kufuta chembe za T, karibu theluthi moja walipata Graves kinga ilipokuwa ikijijenga upya.

Hapo ndipo historia hii inaigusa barabara kuu ya Nakuru. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa Kenya mwaka 1984. Mai Mahiu, Naivasha, Salgaa, miji ya malori na ya kulala njiani, iliumia mapema na iliumia sana. Tarehe 25 Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2006 dawa za ARV, za kudhibiti virusi vya UKIMWI, zikawa za bure katika hospitali za umma. Watu waliokuwa wamebebwa kwa machela walirudi shambani. Kinga iliyokuwa imeporomoka hadi chembe chache za CD4, zilizo aina ya chembe za T, ilianza kupanda.

Mwaka 1998 madaktari wa Paris walikuwa wameandika katika Lancet kuhusu wagonjwa waliopata Graves muda mrefu baada ya kuanza ARV, wakati ambapo virusi vimedhibitiwa na CD4 zinapanda vizuri. Ripoti nyingine zilifuata. Kwa kawaida ugonjwa huo hujitokeza kati ya mwaka mmoja na mitatu baada ya kuanza dawa, na huwapata zaidi wale walioanza wakiwa na CD4 za chini sana. Maambukizi yanayofichuka kinga inaporudi, kama kifua kikuu, hujitokeza katika wiki au miezi ya kwanza. Thairoidi huchelewa, huenda kwa sababu inangoja thaimasi itoe chembe mpya.

Sasa mfikirie mgonjwa wa namna hiyo katika kliniki yoyote ya eneo hili. Amemeza dawa zake miaka miwili, alikuwa amenona, sasa anakonda, anatoka jasho usiku, moyo unamdunda, hana usingizi. Jambo la kwanza linalomjia mhudumu ni kifua kikuu, na ana haki. La pili ni kwamba mgonjwa ameacha kumeza dawa, na hapo mgonjwa mwaminifu huumizwa na shaka. Thairoidi huenda isikumbukwe hata kidogo, ingawa kipimo cha TSH, kinachoonyesha tezi inavyofanya kazi, kinahitaji damu kidogo tu, na kabimazoli, inayoituliza tezi, ni dawa ya miaka mingi. Ugonjwa ukiachwa, moyo hupoteza mpigo wake na kuchoka. Nalilia jambo hili kwa sababu mtu aliyenusurika kwenye UKIMWI wa miaka ya 1990 hastahili kuangushwa na tezi inayotibika.

Tangu 2016 Kenya huwaanzishia ARV wote wanaopatikana na virusi bila kungoja CD4 zishuke, na hiyo ndiyo njia bora ya kuizuia Graves ya aina hii. Bado wapo wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa, na hao ndio wa kuangaliwa shingo.

Kwa akina mama wasio na virusi pia kinga hupanda na kushuka. Ujauzito huituliza ili mtoto asikataliwe, na baada ya kujifungua hurejea kwa nguvu. Katika mwaka wa kwanza baadhi yao hupata uvimbe wa thairoidi usiouma, tezi ikitoa homoni nyingi kwanza kisha kidogo mno. Uchovu na huzuni vinavyotokana na hali hiyo husemwa kuwa vinaletwa na kukesha na mtoto, au na uvivu. Kliniki ya mama na mtoto humwona mama kila anapoleta mtoto kuchanjwa, kwa hiyo nafasi ya kumuuliza na kumpima ipo.

Ambaye tezi yake imezimika humeza thairoksini kila asubuhi kabla ya kula, mbali na vidonge vya madini ya chuma, ambavyo huizuia isiingie mwilini. Akipata kifua kikuu na kuanzishiwa rifampisini, mwili wake huichoma thairoksini kwa kasi zaidi, hivyo dozi huenda ikahitaji kuongezwa na TSH ipimwe baada ya wiki kadhaa. Miezi 6 ya dawa za kifua kikuu ikiisha, apimwe tena, kwa sababu dozi iliyoongezwa sasa inaweza kuwa kubwa mno.