Adamu Alikuwa Wapi? Safari ya Lawama ya Hawa hadi Fizi na Baraka

Jua likichomoza Baraka, mji wa Fizi ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, mitumbwi inarudi na kazi ya wanaume inaishia majini. Ndagala, dagaa wetu, wakishateremshwa, ni wanawake wanaowabeba kwa mabeseni, wanawatandaza mchangani, wanawageuza jua linapozidi, huku wakifukuza kuku na kunguru. Kabla ya saa sita wengi wao wameshashika njia ya shamba: jembe begani, mtoto mgongoni, kwenda kwenye mihogo au mpunga. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba baada ya tunda kuliwa kila mmoja alipewa fungu lake, mwanamke uchungu wa kuzaa, mwanamume jasho la kulima. Huku Fizi mafungu yote mawili yamebebwa na mtu mmoja. Na Jumapili mtu huyohuyo anakaa kwenye benchi la kanisa akiambiwa kuwa ni yeye aliyeiharibu dunia.

Mahubiri hayo nimekua nayo. Arusini, mhubiri akimgeukia bibi arusi, Hawa hakosi kutajwa. Msibani, mjane akiwa bado ameketi kwenye mkeka, Hawa anatajwa tena. Binti akipata mimba nyumbani, baba anamwambia mama, "Tazama mtoto wako," kana kwamba yeye hakuwahi kuwa mzazi wake. Wengi wetu tunadhani lawama hii imeandikwa hivyo tangu mwanzo na haina mjadala. Ukiifuatilia nyuma, hatua kwa hatua, unakuta imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono umeongeza kitu au umepunguza.

Babembe, wenyeji wa Fizi, hawakuanza maisha na kisa hiki. Wao, kama ndugu zao Warega, walikuwa na bwami, chama cha kupanda ngazi za heshima na hekima. Mtaalamu wa Kibelgiji Daniel Biebuyck, aliyeishi na watu wa huku akichunguza mambo hayo, aliandika kwamba kwa Warega mwanamume hakufika ngazi za juu kabisa bila mke aliyepitishwa naye. Serikali ya kikoloni iliipiga bwami marufuku mwaka 1948. Sisemi kwamba zamani hizo mama zetu walikuwa huru; mahari na uke wenza vilikuwa na uzito wake. Lakini heshima ya mume ilikuwa imefungwa pamoja na ya mkewe, na hiyo haikuwa heshima ndogo.

Jina la Hawa lilivuka ziwa kabla ya Biblia. Lilikuja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Ujiji katika karne ya 19, pamoja na swala na Kiswahili chenyewe. Hadi leo Baraka ina Waislamu wake, na wanawake wanaoitwa Hawa wapo. Kisha wakaja Mapadri Weupe: Mulweba, upande wa Masanze, mwaka 1880, na Kibanga mwaka 1883, ambako walikusanya watoto waliokombolewa utumwani na kuwafundisha katekisimu. Katika miaka ya 1920 wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden na Norway walianza kazi upande wa Uvira na Kaziba, na makanisa yaliyotoka kwao yakashuka hadi kwetu ziwani. Kwa Mkatoliki yule mama wa kwanza ni Eva, kwa Mwislamu ni Hawa, kwa Mprotestanti aliyelelewa na Biblia ya Tanzania ni Hawa vilevile. Lawama wanayombebesha ni moja.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa Biblia ya Kiswahili hawalijui. Sehemu ya kwanza kabisa ya Biblia kuchapishwa katika lugha yetu ni kisa hikihiki. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na kanisa la Uingereza, alianza kutafsiri Mwanzo akiwa Mombasa mnamo Juni 1844, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mueddin. Sura tatu za kwanza zilipigwa chapa Marekani miaka michache baadaye, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Nalifikiria sana jambo la Julai ya mwaka ule. Mwezi mmoja tu baada ya Krapf kuanza kazi, mkewe Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa siku chache baadaye, na mtoto naye akafa. Mtu aliyekuwa akitafuta maneno ya Kiswahili ya uchungu wa uzazi alikuwa akimzika mkewe aliyetoka tu kuupitia uchungu huo. Sijui kama mtu anaweza kuandika aya ile baada ya hapo na bado akaiona ni haki.

Sasa twende kwenye aya ya sita ya sura ya tatu, pale tunda linapoliwa. Katika Kiebrania, mwanamke anakula, kisha anampa mumewe, na hapo pana neno moja fupi, *immah*, ambalo maana yake ni "pamoja naye". Yaani mume alikuwa hapo. Hakuwa shambani, hakuwa mtoni, hakuitwa kutoka mbali akaletewa kitu asichokijua. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inalo neno hilo. Jerome, alipoitafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya nne, hakulitia, na Kanisa la Magharibi likasoma Kilatini chake kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 2013 mtaalamu wa Marekani Julie Faith Parker alichapisha utafiti wa makumi ya tafsiri za Kiingereza, akaonyesha kuwa nyingi zimeliacha vilevile.

Nasi? Fungua Union Version ya mwaka 1952, Biblia ambayo imesomwa zaidi ya zote kwa Kiswahili, ambayo wengi wa Fizi waliizoea zaidi walipokimbilia Tanzania kuanzia 1996 na kuishi katika kambi ya Nyarugusu. Mwanamke anatwaa, anakula, anampa mumewe, naye anakula. Maneno "pamoja naye" hayamo. Kizazi baada ya kizazi tumemwona mama akifanya yote peke yake, kisha akamtafuta bwana asiye na habari. Mhubiri anayesema Hawa alimdanganya Adamu huenda hasemi uongo kwa makusudi. Ameisoma Biblia ambayo Adamu ametolewa jukwaani.

Hata hivyo Kiswahili chenyewe kimekataa kuficha yote. Amri ya kutokula ilitolewa kabla mwanamke hajaumbwa, na katika tafsiri yetu imetolewa kwa mtu mmoja: *usile*. Mwanamke, basi, amri hiyo aliisikia kwa mwingine. Ila nyoka anapokuja kuzungumza, hasemi na mmoja. Anasema *hamtakufa*, anasema *mtafumbuliwa* macho. Msomaji wa Kifaransa akikuta *vous* anaweza kudhani ni adabu kwa mama mmoja, na Kiingereza cha leo hakitofautishi kabisa. Sisi *u-* na *m-* tunazijua tangu tunanyonya. Ukimwambia mtoto wa Baraka "hamtakufa", atageuka kutazama nani mwingine yupo. Ndiyo maana nashangaa jinsi tulivyoisoma aya hiyo miaka yote bila kugeuka. Na jina la Hawa lenyewe ni neno letu la kuonyesha watu wengi: hawa.

Neno "ubavu" nalo lina kitu. Mabishano makubwa yameandikwa kuhusu neno la Kiebrania *tsela*, kama ni mfupa mmoja au ni upande mzima wa mwili, kwa kuwa mahali pengine katika Biblia neno hilo ni upande wa jengo. Kiswahili hakihitaji ugomvi huo. Ubavu ni mfupa, na ubavuni ni kando ya mtu. Anayesema mke ametoka kwenye kimfupa kilichopinda amechagua maana moja akaiacha ya pili, ilhali zote mbili zimo katika neno analolitamka. Kisha watu husema mwanamke alilaaniwa. Someni tena: katika sura ile wanaolaaniwa ni nyoka na ardhi, na ardhi inalaaniwa kwa ajili ya Adamu.

Kwa Waislamu wa Baraka mambo yalipaswa kuwa tofauti kabisa, maana Kurani haimtaji Hawa kwa jina hata mara moja, wala haimpi lawama ya peke yake. Katika sura ya saba Shetani anawadanganya wote wawili, wote wanaonja, na wote wawili wanaomba msamaha kwa sauti moja. Katika sura ya ishirini wasiwasi unatiwa kwa Adamu, na anayetajwa kuasi ni Adamu. Anayesoma tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, atalikuta hilo bila shida. Lakini wafasiri wa kale walikusanya masimulizi mengine pembeni mwa Kitabu. Al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, alipokea hata habari kwamba Hawa alimnywesha Adamu mvinyo hadi akala. Masimulizi hayo yakaingia katika visa vya mitume, visa vikaingia katika mawaidha ya ndoa, na leo mama wa Kiislamu na jirani yake wa Kipentekoste wanasikia shutuma ileile kutoka vitabu ambavyo havikubaliani.

Upande wa Wakristo lawama ilikomaa mapema. Barua ya kwanza kwa Timotheo inasema Adamu hakudanganywa, na aya hiyo bado inatumiwa huku kumzuia mwanamke kusimama madhabahuni. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, alisema dhambi iliingia kwa mtu mmoja na akamtaja Adamu, lakini aya hiyo haisomwi arusini. Karibu mwaka 200 Tertullian, Mwafrika wa Carthage, aliwaandikia wanawake kwamba kila mmoja wao ni Hawa na ni mlango wa Ibilisi. Mambo haya yalifika kwetu yakiwa yameshapikwa na kupakuliwa. Sheria nayo ikayatia muhuri kwa namna yake: Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimfanya mume kuwa mkuu wa nyumba na kumtaka mke apate ruhusa yake kabla ya kufanya mambo mengi ya kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2016. Ukuu wa nyumba ukabaki.

Ningeweza kuyaacha haya kwa wanatheolojia kama si usiku wa tarehe 1 Januari 2011. Usiku ule, mjini Fizi, wanajeshi wa serikali waliwavamia wananchi kulipiza kisasi cha mwenzao aliyeuawa. Walipora, walipiga, walibaka. Februari mahakama ya kijeshi inayotembea ilikuja kukaa Baraka. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Luteni Kanali Kibibi Mutware, kamanda wao, alikana. Tarehe 21 Februari alihukumiwa miaka 20 jela pamoja na maofisa wengine kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hakuna ofisa wa cheo chake aliyekuwa amewahi kuhukumiwa hivyo kwa ubakaji nchini Kongo. Ubinadamu ni neno tunalolitamka haraka. Limetoka kwa bin Adamu, mwana wa Adamu, na siku ile huku Baraka lilitamkwa kwa ajili ya wanawake.

Wanaoishi huku wanajua wanachoulizwa wanawake wanaporudi nyumbani baada ya shambulio. Ulipita njia ile kwa nini? Ulivaa nini? Mbona hukupiga kelele? Wapo waliokuta vitu vyao vimetolewa nje. Ndugu wa mume wakikaa kikao, atatokea mzee wa kumtaja Hawa. Kumbe katika bustani Mungu alianza na mwanamume. Alimwita yeye, akitaka kujua alipo. Adamu akajibu kwa kumnyooshea kidole mkewe, na nyuma yake Mungu mwenyewe aliyempa mke huyo. Mahakama ya Baraka ilirudi kwenye swali la kwanza: kamanda alikuwa wapi, na askari wake walikuwa wakifanya nini.

Wapo wanaoirudia kazi hii ya kusoma upya. Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake waliunda mwaka 1989 umoja wa wanatheolojia wanawake wa Afrika. Musimbi Kanyoro wa Kenya aliingia moja kwa moja katika kazi ya kutafsiri Biblia. Lubumbashi kulikuwa na Sista Bernadette Mbuy-Beya, Mwursulina aliyeandika kwa niaba ya wanawake wa Kanisa la Kongo. Na huku Kivu yetu Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, aliyejenga hospitali ya Panzi kupitia kanisa lake la CEPAC mwaka 1999, aliwaambia Walutheri waliokutana Windhoek mwaka 2017 kwamba ni juu ya makanisa kutumia Neno la Mungu kufukuza pepo za ubabe wa kiume. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Nobel, na mahubiri mengi yalimsifu. Machache yalirudia aliyoyasema Windhoek.

Siku hizi vijana wana Biblia kadhaa katika simu moja. Katika kikundi chetu cha wamama niliombwa kusoma Mwanzo, nikasoma kwenye tafsiri mpya, ile iitwayo Neno, ambayo imerudisha kilichoachwa. Mama mmoja mzee, anayeijua Union Version kwa moyo na midomo yake hutangulia ya msomaji, alinyamaza ghafla nilipofika kwa mume aliyekuwa pamoja naye. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba kalamu. Biblia yake imefungwa jalada la kipande cha kitenge, kurasa za mbele zimelegea. Akaitandika magotini, akatafuta aya kwa kidole, na pembeni kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, akaandika: PAMOJA NAYE.