Zizi na Shamba



Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega hupita hapa Misigiri, panapochepuka njia ya Kiomboi, kabla hajateremka Sekenke na kufika Shelui. Machoni pake nchi yetu ni kavu. Wala hakosei: mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, nazo kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Hata hivyo wazee wetu waliishi hapa na kulea watoto. Juma hili tujiulize: waliwezaje?

Mtaalamu wa Marekani, Harold Schneider, aliyeishi kwa jirani zetu Wanyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kitabu. Shamba na zizi vilikuwa kitu kimoja. Samadi ilirutubisha mtama na uwele. Mwaka wa neema, nafaka iliyozidi ilibadilishwa kwa mifugo. Mwaka wa njaa, mifugo ilirudi kuwa chakula. Tena mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki, ili maradhi yakiingia boma moja, mengine yasalimike. Hiyo ndiyo iliyokuwa benki yao.

Historia imetuonyesha pia njia nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ukianzia Kongwa, kwa jirani zetu wa Dodoma. Yalikuja matrekta, wataalamu na fedha nyingi, kwa tumaini la zao moja. Mvua hazikutosha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata karanga hazikuchimbika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Kisha, katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walisogezwa pamoja. Huduma za shule na zahanati zilikaribia, lakini familia nyingi nchini ziliacha nyuma mashamba yaliyokwisha kulishwa samadi kwa miaka mingi.

Leo zao letu la biashara ni alizeti. Tunalishukuru, maana limelipa karo na kuezeka nyumba. Lakini hatujasahau msimu wa 2023, mafuta ya nje yalipojaa sokoni na bei ya mbegu ikaporomoka. Aliyekuwa amelima alizeti peke yake alibaki na magunia yasiyomletea unga. Jirani yake mwenye mtama ghalani, kuku uani na mbuzi wawili alihuzunika pia, ila watoto wake walikula.

Kwa hiyo hatusemi tuiache alizeti. Tunasema isikae peke yake. Mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta ni chakula kizuri cha kuku na ng'ombe. Samadi ya ng'ombe hao irudi shambani. Hapo zizi na shamba vinashikana mikono tena, kama zamani. Sehemu ya shamba ibaki ya mtama au uwele, unaovumilia jua. Na kijana anayetaka kuuza maksai wote alime zao moja, wazazi wakae naye kwanza, wazungumze kwa upole.

Mhubiri, katika sura ya 11, anatushauri tugawe mali yetu katika mafungu mengi, kwa kuwa hatujui baya litakalotokea. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba ni wakulima wadogo, kwa njia zao nyingi, wanaolisha sehemu kubwa ya watu duniani. Tusijidharau.

Juma hili kila familia iketi jioni na kujiuliza swali moja: bei ya zao letu ikianguka mwaka huu, watoto watakula nini? Ikiwa hatuna jibu, tulitafute kabla ya mvua za Novemba.

Tumsifu Yesu Kristo.