Historia Fupi ya Ulinzi wa Mitaa Likoni, Kisauni na Changamwe



Katika taarifa ya mwaka huu tumeona ni wajibu wetu kuandika machache juu ya ulinzi wa mitaa yetu ya bara, jinsi ulivyokuwa zamani na jinsi ulivyofika hapa. Vijana wengi hudhani ya kwamba habari ya raia kushirikiana na polisi ni jambo jipya lililoletwa na Serikali. Sivyo. Askari ndiye mgeni. Jirani alikuwako kabla yake.

Wazee wa Kimijikenda waliishi katika kaya zilizofichwa ndani ya msitu, zenye njia nyembamba na malango, na shauri la usalama lilikuwa mikononi mwa wazee wa kambi. Mtu hakuingia bila kujulikana ni nani na anakwenda kwa nani. Hayo mawili, kujuana na kuulizana, ndiyo msingi wa kila ulinzi uliofuata.

Upande wa Kisauni tuna ukumbusho ambao watu huupita kila siku bila kuutazama, nao ni kengele ya Kengeleni. Baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mwaka 1873 mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, wamisionari wa Kiingereza walianzisha Frere Town, mnamo mwaka 1875, kuwa makao ya watu waliookolewa majahazini. Wakazi wale waliishi kwa hofu ya kutekwa tena. Kengele ilipolia kwa hatari, kila mtu alijua la kufanya, na hakuna aliyesema kwamba nyumba inayonyemelewa si yake. Jina la mahali limebaki mpaka leo.

Walakini historia ya Frere Town ina onyo pia. Mnamo mwaka 1881 habari za viboko na vifungo walivyopewa wakazi na wale wale waliopaswa kuwalinda zilienea mpaka zikachunguzwa. Tangu hapo twajifunza ya kuwa mlinzi asiye na wa kumwuliza hugeuka kuwa hatari ya pili.

Pwani ilipowekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1895, kazi ya amani iligawanywa. Maliwali, mamudiri na wazee wa mitaa waliendelea kusikiliza mashauri ya watu, na polisi wakakua pembeni yao: kufikia mwaka 1902 vikosi vilikuwako Mombasa, Nairobi na Kisumu, na sheria ya polisi ikapitishwa mwaka 1906. Wakati huo reli na bandari zilikuwa zikileta watu wa kila kabila, na Changamwe ikajaa wafanyakazi wasiojuana kwao wala koo zao. Hapo ndipo vyama vya kusaidiana kama hiki chetu vilipofanya kazi kubwa isiyoandikwa sana. Vilimzika maiti asiye na jamaa, vilimpokea mgeni, vilimkanya kijana aliyeanza kupotea. Kazi hiyo haikuitwa ulinzi, lakini ilikuwa ulinzi.

Sasa twafika katika jambo zito. Usiku wa tarehe 13 Agosti, 1997, watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha feri, wakaua askari sita na kuchukua bunduki. Kisha wakawageukia wakazi waliotoka bara ya mbali, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu na Waluhya, wakachoma nyumba na vibanda vyao. Maelfu walikimbilia kanisa la Kikatoliki la Likoni. Mpaka machafuko yalipokwisha, watu wapatao mia moja walikuwa wamekufa na wengine wengi mno wamehama. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, na ambayo taarifa yake ilitolewa hadharani mwaka 2002, ilionyesha ya kuwa fununu zilikuwa zimewafikia wakuu wa usalama kabla ya usiku ule, wala hazikutendewa kazi ipasavyo.

Twaomba wanachama walitafakari neno hilo. Habari ilikuwako, kilichokosekana ni mahali pa kuipeleka ikaaminiwa na kutendewa kazi. Tena, mitaa iliyozoea kuhesabu watu kwa makabila haikuweza kusimama pamoja hatari ilipokuja. Na msako uliofuata uliwakamata vijana wengi wa Kidigo, na malalamiko ya mateso yakawafanya hata wasio na hatia wamwogope askari.

Serikali ilianzisha rasmi mpango wa polisi kushirikiana na raia mwaka 2005. Sheria ya mwaka 2011 ikazipa kamati za mitaa nafasi yake, na mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi, ukaletwa mpango wa Nyumba Kumi, ambao Tanganyika waliuanza katika miaka ya 1960. Wazee wengi wameutumikia bila mshahara, na katika jimbo jirani la Kwale wako waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi. Kisauni nako makundi ya vijana wenye mapanga yamewatia watu hofu kubwa, na wengi wa vijana hao ni watoto tuliowaona wakicheza vichochoroni.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. Kwanza, kamati ya mtaa iwe na watu wa makabila yote na dini zote, wanawake na vijana wakiwamo, kwani mtaa usiowakilishwa hautasema. Pili, anayeleta habari asitajwe jina lake barazani. Damu ya mzee ni ghali kuliko sifa ya mkutano. Tatu, kamati isihukumu wala isipige. Mshukiwa apelekwe kituoni akiwa mzima, na kamati iulize habari zake mpaka shauri lifike mwisho.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Likoni mwaka 1997 ufa ulionekana, ukaachwa. Twawasihi wanachama wahudhurie mikutano ya mitaa yao mwaka huu, na kila mmoja amjue kwa jina jirani wa mlango wa pili, awe mwenyeji au mgeni. Mola atujalie amani.